Ndege ya zamani, kihisi kipya: maswali yenu

Nimesikia Marekani imelazimisha ndege za abiria za zamani zibadilishiwe vihisi. Vihisi gani hivyo?

Altimita za redio. Kifaa hiki hurusha mawimbi kutoka tumboni mwa ndege na kuyapokea yanaporudi, hivyo rubani hujua amebakiza futi ngapi kufika ardhini. Hutumia masafa ya gigahezi 4.2 hadi 4.4. Januari 2022 kampuni za simu za Marekani ziliwasha 5G kwenye masafa yaliyo karibu na hayo, na altimita nyingi za zamani ziliundwa wakati jirani huyo yuko kimya. Zinasikia hata yasiyozihusu. Mamlaka ya anga ya huko, FAA, ikaamuru: kuanzia Julai 2023, ndege ya abiria isiyoboreshwa isitue kwa kutegemea vyombo badala ya macho uwanja ukifunikwa na ukungu, na kufikia Februari 2024, ndege za mashirika makubwa ziwe zimeboreshwa. Nyingine zilihitaji kichujio tu, nyingine altimita mpya.

Rubani si ana macho? Altimita ikikosea kuna ubaya gani?

Ubaya ni kwamba rubani si yeye peke yake anayeisoma. Tarehe 25 Februari 2009, Boeing 737-800 ya Turkish Airlines ilikuwa ikishuka kuelekea Amsterdam. Altimita ya kushoto ikaonyesha futi 8 chini ya sifuri, ilhali ndege bado iko juu sana. Mtambo unaoendesha nguvu za injini ukaiamini, ukadhani ndege inagusa ardhi, ukapunguza nguvu. Kasi ikaporomoka, na marubani waliposhtuka wakawa wamechelewa. Watu 9 walikufa. 5G haikuhusika hapo, lakini ndicho kisa kinachonifanya nisiwacheke wanaoitwa waoga kwa kuhofia altimita za zamani.

Kwa nini serikali itoe amri? Mashirika hayawezi kubadilisha yenyewe?

Yanaweza, kwa mwendo wayatakao. Kabla ya Airbus A330 ya Air France kuanguka Atlantiki tarehe 1 Juni 2009 na kuua watu 228, ilishajulikana kuwa aina fulani ya mirija ya pito, ile inayopima kasi ya ndege, huziba kwa barafu. Kuibadilisha kulikuwa pendekezo, na shirika lilikuwa limeanza kazi hiyo siku chache tu kabla. Ndege ile ilikuwa haijafikiwa. Amri ya Ulaya ilitoka baada ya ajali.

Basi nikwepe ndege kuukuu?

Hapana. Boeing 737 MAX zilizoanguka 2018 na 2019 zilikuwa mpya kabisa. Programu yake ya kompyuta, inayoshusha pua ya ndege yenyewe, ilitegemea kihisi kimoja tu cha pembe ya pua ya ndege dhidi ya upepo. Sasa inalinganisha viwili. Mimi umri wa ndege haunisumbui. Ninachouliza ni kihisi kikidanganya, nani atakibishia?

Vile vitambaa vyekundu kwenye ndege iliyoegeshwa ni vya nini?

Ni vya vifuniko vya mirija ya pito, ili fundi asisahau kuvitoa. Vinazuia vumbi, maji na wadudu. Februari 1996, Boeing 757 ya Birgenair iliruka kutoka Puerto Plata baada ya kukaa siku kadhaa bila vifuniko. Mrija mmoja ulikuwa umeziba, na wachunguzi walishuku nyigu waliojenga kiota ndani yake. Abiria na wahudumu wote 189 walikufa.