Kabla ya kununua vidonge vya ujana, jaribu kunyanyuka kwenye mbuzi

Nilipokuwa mwaka wa tatu wa udaktari nilishikwa na homa ya kutaka kuishi sana. Habari za Jeanne Calment, yule bibi wa Kifaransa aliyefariki 1997 akiwa na miaka 122, nilizijua kuliko za majirani zetu wa Michenzani. Nikasoma kuhusu rapamaisini, dawa iliyotokana na udongo uliochotwa kisiwa cha Rapa Nui mwaka 1964. Watafiti waliwapa panya waliokwisha zeeka, na matokeo yaliyotoka 2009 yakaonesha wameongeza umri. Mimi mtu wa visiwani, ilinipendeza dawa ya uzee itoke kisiwani. Kwamba dawa hiyohiyo hupewa waliopandikizwa figo ili kuipunguza nguvu kinga ya mwili, hapo nilipita mbio.

Bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, lilipotoka nikanunua kichupa cha vidonge vya "kurudisha ujana" duka moja la mjini. Muuzaji hakujua kilichomo. Nami, mwanafunzi wa udaktari, sikumbana.

Likizo nikavuka kwenda Wete, Pemba, kwa bibi. Nilimkuta uani, juu ya mbuzi, anakuna nazi. Nikampa shikamoo, akaitika na kunyanyuka hapo hapo bila kushika kitu, kifuu bado kiko mkononi. Kesho yake zamu ikawa yangu. Nazi mbili tu, nataka kusimama, mkono unatafuta ukuta. Bibi alicheka mpaka machozi. "Daktari gani huyu, anainuka kama mzazi wa juzi!"

Usiku ule sikusoma habari za panya. Misuli huanza kupungua taratibu kabla hata mvi hazijaota, na mzee asiyeweza kujiinua ndiye anayeanguka chooni, akavunjika nyonga, akabaki kitandani. Hata metformini, dawa ya kisukari ambayo wapenda maisha marefu huimeza bila kuumwa: utafiti wa 2019 uliwachukua wazee wasio na kisukari wakawa wananyanyua vyuma, na waliopewa metformini wakajenga misuli kidogo kuliko waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa. (Mwenye kisukari asiache dawa yake kwa maneno yangu!)

Kwa hiyo kaa kwenye kiti, kunja mikono kifuani, simama na ukae mara tano. Ukiona unayumba, anzia hapo, kila siku, kiti kikiwa kimeegemea ukuta. Hakigharimu hata shilingi.

Ila msidhani bibi ni mfano wa kila kitu. Nilimfunga mashine ya presha mkononi ikasoma 182 kwa 98. "Sina presha mie, kichwa hakiniumi." Vidonge vyake alivipewa zamani, vilikuwa ndani ya kikapu cha halwa, humeza kimoja siku kichwa kikimgonga, kikitulia basi. Nikamkalisha kimya dakika tano, miguu chini, mkono juu ya meza, nikapima tena: namba ya juu 176. Wodini nimewaona waliopooza upande mmoja ambao watu wao wanaapa kwamba mgonjwa hajawahi kuumwa hata mafua. Presha haiumi. Inaila mishipa ya ubongo, moyo na figo, na wewe unakuna nazi zako. Kama una mzazi au bibi nyumbani, mpime kabla hujasoma chochote kuhusu kurefusha maisha, na akiwa na dawa, uliza anazimeza lini, si kama anazo.

Tulikwenda kituo cha afya akaanzishiwa dawa upya. Sasa zinakaa juu ya msala wake, anameza akishasali alfajiri, na hilo limefanya kazi kuliko mahubiri yangu yote. Chumvi ndiyo vita. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hapo papa mkavu bado hajaingia kwenye mchuzi. Tunamroweka usiku, maji tunabadilisha mara mbili. Bibi anasema siku hizi anakula kamba ya jahazi. Nami nikishavuka tu kurudi Unguja, shangazi hunipigia: mtungi wa chumvi umeonekana tena jikoni.