Kabla Hujanunua Yamaha CS-80

Mtu anaponiomba ushauri kuhusu kununua Yamaha CS-80, jambo la kwanza ninalomuuliza ni fundi wake ni nani. Kama hana jibu, humshauri asubiri hata kama fedha anazo tayari, kwa sababu kinanda hiki hakiendi bila fundi anayekijua kwa ndani, na mafundi wa aina hiyo ni wa kutafuta hata huku Uingereza, ninakoishi na kutengeneza vinanda vya zamani.

CS-80 ni sintesaiza ya analogi, yaani kinanda kinachounda sauti kwa saketi za umeme, iliyotengenezwa Japani katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, na uzalishaji wake ulisimama mwaka 1980. Wengi huisaka kwa sababu ya muziki ambao Vangelis aliutunga kwa ajili ya filamu ya Blade Runner ya 1982. Wengine wanafuata mlio wa tarumbeta unaofungua wimbo wa Africa wa kundi la Toto, uliotoka mwaka huohuo, ambao unaisimamisha Kilimanjaro juu ya Serengeti kwa jiografia itakayomchekesha mkazi wa Moshi. Sababu hizo sizibezi. Hata hivyo, anayetaka sauti tu anaweza kuipata kwa bei ndogo, maana kampuni ya Arturia ilitoa programu ya kompyuta inayoiiga CS-80 tangu 2003, na katika rekodi iliyokwisha kuchanganywa ni wachache watakaotambua tofauti.

Thamani yake, kwa maoni yangu, imo kwenye vibao. Piga noti nne kwa mkono wa kulia, uzishikilie, kisha ukandamize zaidi kidole kidogo peke yake: noti hiyo moja itavimba, itang'aa na kuanza kutetemeka, huku zile tatu zikibaki kama zilivyokuwa. Kila kibao, kati ya vyote 61, kinausikia mkono kivyake. Juu ya vibao umelazwa utepe mrefu ambao ukiutelezeshea kidole, noti hupanda au kushuka kukifuata, kama mwimbaji anavyoivuta sauti yake. Teknolojia ya vibao vinavyosikia mkono namna hiyo ni ghali kuitengeneza, na kwa miongo mingi viwanda vingi viliikwepa; ndiyo maana wakusanyaji hawaoni taabu kulipa.

Soko la wakati ule halikulijali sana jambo hilo. Mwaka 1978 kampuni ya Sequential Circuits ya California ilitoa Prophet-5, ambayo ilipiga sauti tano tu kwa wakati mmoja badala ya nane za CS-80, lakini iliweza kuhifadhi milio 40 na kubebwa bila kuita majirani. CS-80 ina uzito wa takriban kilo 100, na nafasi zake za kuhifadhi milio ya mpigaji ni nne tu, tena si za kielektroniki: unafunua kifuniko kidogo na kukuta safu nne za vidhibiti vidogo mno vya kutelezesha, ambavyo unavipanga kimoja kimoja kwa ncha ya kucha.

Unapokwenda kuikagua, mwombe muuzaji aiwashe saa moja kabla hujafika, kwa kuwa saketi zake huyumba kadiri joto linavyobadilika na ikiwa baridi hutajua lolote la maana. Zima vidhibiti vyote vya kutetemesha sauti, bonyeza vibao vinane kwa pamoja, kisha achia kimoja kimoja ukisikiliza sauti ipi imetoka kwenye tyuni na ipi inakwaruza. Ndani yake mna tabaka mbili za sauti zinazolia pamoja kwa kila noti, hivyo rudia zoezi hilo kwa kila tabaka peke yake; sauti mbovu ya tabaka moja hujificha vizuri sana nyuma ya sauti nzima ya tabaka la pili. Tyuni iliyoyumba kidogo isikutishe, kwani hata safari fupi ya gari huivuruga na fundi huirudisha. Sauti iliyokufa kabisa ni habari nyingine, maana chipu zilizomo Yamaha walijitengenezea wenyewe na haziko tena kiwandani, kwa hiyo spea hutoka kwenye kinanda kingine kilichokatwa. Usisahau kusoma volti zilizoandikwa nyuma, kwa sababu iliyouzwa kwa soko la Japani ilikusudiwa umeme wa volti 100, na kuichomeka moja kwa moja kwenye umeme wa Dar es Salaam au wa London ni kuichoma.

Kama hesabu hizo zinakuelemea, tazama CS-60, mdogo wake wa familia hiyohiyo: ana sauti nane na utepe, ila tabaka ni moja na vibao vyake havitofautishi kidole na kidole. Na kama kilichokuvutia ni vibao hasa, sintesaiza ya Hydrasynth iliyotoka 2019 inafanya kazi hiyo kwa sehemu ndogo sana ya bei, ingawa si analogi, na mtu mmoja anaibeba hadi ukumbini.