Usiache mada yako kwa kukosa mashine ya ESR

Wiki iliyopita mwanafunzi wa uzamili wa biokemia aliniandikia. Anataka kuchunguza radikali huru (molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake) zinazozaliwa miyoglobini, protini ya msuli inayohifadhi oksijeni, inapokutana na peroksaidi za kikaboni, yaani viwanja vya kaboni vyenye oksijeni mbili zilizoungana, na msimamizi wake amemwambia atafute mada nyingine kwa sababu idara haina mashine ya ESR, ile inayotambua radikali kwa elektroni zao zisizo na mwenzake. Mdogo wangu, usibadilishe mada.

Hata mimi niliwahi kuambiwa hivyo, mbele ya jopo zima, na mhadhiri ambaye hakuwa amefungua hata ukurasa wa pili wa pendekezo langu. "Bila ESR huna kazi." Yananiuma hadi leo. Nilichokuwa nacho ni spektrofotomita kuukuu (kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa), miyoglobini ya moyo wa farasi na peroksaidi moja ya kikaboni, haidroperoksaidi ya kumini. Nilipovichanganya, kahawia iligeuka wekundu, kilele cha ufyonzaji wa mwanga cha nanomita 409 kikasogea kuelekea 421, na kile cha 630 kikafifia. Hiyo ndiyo ferili: chuma cha hemu, kile kiini chenye rangi ndani ya protini, kimepanda kutoka hali ya tatu ya uoksidishaji hadi ya nne.

Lakini ferili peke yake haitoshi, na hapo ndipo wengi hukimbilia kuandika hitimisho. Kifungo cha oksijeni na oksijeni ndani ya peroksaidi kikikatika sawasawa, kila upande ukabaki na elektroni yake, radikali ya alkoksi (yenye oksijeni moja iliyoshikwa na kaboni) inazaliwa. Upande mmoja ukiondoka na elektroni zote mbili, unapata alkoholi tu, na pengo la elektroni linabaki kwenye protini yenyewe. Njia zote mbili zinaweza kukuonyesha ferili.

Kwa hiyo nilitafuta mabaki. Radikali ya kumiloksi, yaani alkoksi itokanayo na peroksaidi yangu, haidumu. Hujivunja yenyewe ikawa asetofenoni na radikali ya methili. Asetofenoni hufyonza vizuri mwanga wa urujuanimno, na idara ya jirani ilikuwa na HPLC, mashine ya kutenganisha na kupima viwanja vilivyo kwenye mchanganyiko. Niliomba, nikakataliwa, nikaomba tena, nikapewa saa za usiku. Kilele kilipojitokeza pale pale pa asetofenoni halisi, nilijua kazi ninayo. Baadaye nilifika kwenye maabara yenye ESR huko Ulaya, nikaweka DMPO, kiwanja kinachonasa radikali zisizodumu ili mashine izione, na radikali ya methili ikanaswa. Ninajivunia kazi ile, na sioni haya kulisema.

Tena mashine yenyewe si hakimu. Kwa miaka mingi watafiti wenye ESR waliona ishara fulani za DMPO wakaziandika kuwa radikali za peroksili, zenye oksijeni mbili. Mwaka 1999 Sergey Dikalov na Ronald Mason wa Marekani walionyesha kwamba zilikuwa za alkoksi. Vifaa walikuwa navyo wote. Kilichokosekana ni kulinganisha ishara ile na ya kiwanja kinachojulikana.

Basi linganisha. Peroksaidi bila protini. Protini bila peroksaidi. Hemu tupu peke yake, kwa sababu protini iliyochemshwa bado ina hemu, na hemu hiyo bado inafanya kazi. Usidhani kuchemsha kunaizima. Chuma huru kifunge kwa DTPA, kiwanja kinachokamata metali. Desferioksamini, kifungachuma kingine, iache, kwani huirudisha ferili ilikotoka. Na ukipata asetofenoni, sema kwamba alkoksi ilipita. Usiseme ndiyo iliyotangulia, kwa kuwa peroksili mbili zikikutana nazo huweza kuzaa alkoksi. Linganisha, halafu linganisha tena.

Atakayekuuliza faida yake, mwambie kuhusu dawa mseto ya malaria. Artemisinini, chimbuko la dawa hiyo, iliyomletea mtafiti wa China Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015, ina daraja la peroksaidi ndani yake. Kimelea kikisaga himoglobini yetu, hemu inayobaki hulivunja daraja hilo, na radikali za kaboni zinazozaliwa humo humo hushambulia protini za kimelea. Watu wetu wanaponeshwa na kemia hii kila siku, halafu sisi tunaambiwa tuwaachie wengine waisome! Kijana wa sayansi asikubali kupimwa kwa mashine asizonazo. Apimwe kwa maswali anayouliza na uaminifu wa vipimo vyake.

Kabla hujarudi kwa msimamizi wako, nenda idara ya famasia uulize kama HPLC yao ina kigunduzi cha urujuanimno. Wakikujibu ndiyo, mpelekee ukurasa mmoja wenye orodha ya vipimo vyote vya kulinganisha, asetofenoni halisi ikiwa ya kwanza.