Kartye ya sanaa Kamalondo: maswali yenu

Maswali mingi ya juma hii inaingia ku jambo moja: kama avenyu moja ao mbili za Kamalondo, komini ya Lubumbashi, zinaweza kuandikwa fasi ya sanaa, batu bachonge, bapige shaba, bauzishe pale pale bila mutu kuja kubafungia.

*Shefu wa kartye alishatukubalia, hata akaandika. Inatosha?*

Haitoshi ndugu. Sheria ya Kongo ya 7 Oktoba 2008 inatambua muji na komini, kartye haina mamlaka yake yenyewe, ile karatasi ya shefu ni ya kusindikiza tu. Mulango ni komini: bale bakonseye (bashauri ba komini) tulichagua Desemba 2023, muende mubaone, ombi litoke kwa jina la komini kisha lipande ku irbanisme (biro ya mupango wa muji) ya provensi. Na muende na mupango wenye kuchorwa, lupango kwa lupango, juu "tunataka sanaa" kila mukubwa anaitikia na hakuna anayeandika.

*Mutoto wangu anasude (anaunga na moto) masanamu ya byuma nyuma ya nyumba. Jirani anasema lupango ni ya kulala tu. Eko sawa?*

Mama, jirani eko na haki nusu. Toka sheria ya 1973 udongo wote ni wa Leta (serikali), weye uko na haki ya kuikaa juu yake, na kontra inasema ni ya kufanyia nini. Toa ile karatasi, tafuta fasi bameandika rezidansieli (ya kulala tu): kama iko pale, uombe kubadilisha matumizi, mutoto kuacha kazi hapana. Lakini shida ya kweli njo hii, kanuni za makelele zinasemaka "usiku hapana", na sisi benye Lubumbashi tunajua umeme inarudiaka saa ngapi. Inarudi saa ine ya usiku, kijana anakimbia ku mele (masini ya kusaga chuma), cheche zinaruka mpaka ku ukuta, mwana wa jirani anaamuka na kilio. Ukikataza usiku wote umekataza kazi. Mi ningeandika hivi: mele na masini ya kukata mawe ziingie ndani ya chumba cha matofali chenye mulango unaangalia barabara, usiku mbili tatu kwa juma, basi, nyundo ndogo na rangi saa zote. Na malakite, ile jiwe ya kijani ya shaba, ikatwe na maji, vumbi yake ni sumu muchana na usiku.

*Si tuko na Biennale, maonyesho ya sanaa ya kila miaka mbili? Kartye ya nini tena?*

Biennale ni kazi kubwa ya Picha, shirika la basanii ba hapa Lubumbashi, toka 2008, lakini inapita na lupango inabakia ile ile. Hata Hangar, atelye ya bachoraji ya hapa Lubumbashi yenye Mufaransa Romain-Desfossés alifungua 1946, fasi Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga balichora, ilisimama juu ya mutu mumoja: akafa 1954, Akademi, masomo ya sanaa ya muji, ikaimeza.

*Mi ni mupangaji. Bakibadilisha, mwenye nyumba hatanifukuza?*

Anaweza, na hapa sicheki. Sheria ya mwisho wa 2015 juu ya kupangisha inasema garanti (feza unaweka mbele kwa mwenye nyumba) ya nyumba ya kulala isipite miezi 3, ya matumizi ya kijamii na utamaduni miezi 6. Siku chumba chako kitaandikwa cha sanaa, anaweza kujaribu kukuomba garanti mara mbili, na ukishindwa akutoshe. Kwa hiyo mbele ya kuweka sinyatire ku ombi la avenyu, muombe ku ile karatasi: bapangaji benye kuwa mule babakie na garanti yao ya zamani, na kontra iandikwe upya mbele ya komini, si na mudomo.