Nomino zimezidi kwenye tasnifu yangu?

SWALI: Naandika tasnifu kwa Kiingereza. Makala za kisayansi ninazosoma zimejaa maneno yanayoishia na -tion, -ment na -ity, nami nikafuata mtindo huo. Msimamizi amenirudishia rasimu akisema nomino zimezidi. Nishike lipi?

JIBU: Msimamizi wako yuko sahihi, na makala hizo nazo hazijakosea. Tazama hii: "The solution evaporated slowly. This evaporation left crystals on the glass." Sentensi ya kwanza inasimulia tukio. Ya pili inalipa tukio lilelile jina, kisha inalifanya kiima cha habari mpya. Msomaji anasogea mbele bila kurudiwa maelezo. Vivumishi navyo ni hivyo hivyo: kimiminika kikishaitwa "viscous", sifa hiyo ikigeuzwa "viscosity" unaweza kuipima na kuichorea grafu. Mwanaisimu M.A.K. Halliday aliliita jambo hili sitiari ya kisarufi, akalifuatilia hadi kwenye maandishi ya Newton ya mwaka 1704 kuhusu nuru. Si mtindo wa jana, basi.

Nadhani kilichomchosha msimamizi wako ni sentensi za namna hii: "We performed a measurement of the temperature." Kitendo ni kupima, lakini kimejificha ndani ya nomino, na "performed" imebaki haina la kusema. Andika "We measured the temperature". Kila uonapo "perform", "conduct" au "carry out" ikifuatwa na nomino ya aina hiyo, jaribu kurudisha kitenzi. Kwenye sehemu ya mbinu kuwa mkali zaidi: "removal of samples" haisemi nani aliondoa sampuli wala lini.

Kuhusu maumbo, hakuna kanuni moja: "stable" huzaa "stability", "soft" huzaa "softness", "wide" huzaa "width". "Absorb" hata hubadili herufi, ikawa "absorption". "Increase" haibadiliki kimaandishi. Mkazo tu ndio unaohamia silabi ya kwanza. Hapo kamusi ndiyo mwalimu.

Mimi katika kuhariri, kosa ninalokutana nalo zaidi ni la vihusishi. Kitenzi "influence" hushika mtendwa moja kwa moja, "influence growth", ila nomino yake hudai "on": "influence on growth". Vivyo hivyo "resist heat" huwa "resistance to heat", na "increase the pressure" huwa "an increase in pressure". Ukijifunza nomino mpya, iandike daftarini pamoja na kihusishi chake.