Kuchanganya faji na oksitetrasaiklini kwenye vizimba vya sato

Mkuu, umeuliza kama unaweza kuwapa sato wako faji, yaani virusi vinavyoua bakteria, huku ukiendelea kuweka oksitetrasaiklini kwenye chakula, kwa kuwa "antibiotiki haigusi virusi". Hapo pana shida. Dawa haimgusi faji mwenyewe, ila inamgusa bakteria, na faji hazaliani popote isipokuwa humo ndani.

Nililiona hili kwa macho nilipokuwa nasomea maabara hapa Mwanza. Nilichota maji Mto Mirongo, nikayachuja, nikapata faji wanaoua E. coli, bakteria wa utumboni. Nikaandaa sahani tatu za kuoteshea bakteria hao pamoja na faji. Ya kwanza haikuwa na dawa: bakteria walitanda kama utando wa maziwa, na humo vitobo angavu vidogo kama kichwa cha pini, kila kimoja mahali faji walipowamaliza. Ya pili niliitia antibiotiki iitwayo sefotaksimu kidogo, isiyofikia kuua. Vitobo vikawa vipana kama punje ya mtama! Nikadhani nimekosea, nikarudia, yakaja yaleyale. Baadaye nikasoma kwamba watafiti wa Toulouse, Ufaransa, walishalichapisha mwaka 2007. Kwao faji waliozaliwa waliongezeka zaidi ya mara 7. Dawa hiyo inamzuia bakteria kugawanyika, haimzuii kukua. Anarefuka kama uzi, ribosomu zake, yaani vijimashine vya kutengeneza protini, zinaendelea na kazi, na faji anajipatia karakana kubwa kuliko ya kawaida.

Sahani ya tatu ndiyo inayokuhusu. Niliitia kloramfenikoli kidogo, antibiotiki nyingine. Vitobo vikapungua, na vilivyobaki nilivitafuta kwa kuinua sahani dirishani. Faji hana ribosomu hata moja, anatumia za bakteria, na kloramfenikoli inazizuia hizohizo. Oksitetrasaiklini nayo inazizuia, kwa hiyo faji wako wataingia ndani ya bakteria wakute kazi imesimama.

Usidhani basi ubadilishe uweke sipro, yaani antibiotiki ya siprofloksasini. Sipro inaharibu DNA ya bakteria, na virusi vilivyolala ndani ya DNA hiyo huamka na kuanza kuzaliana, vingine vikiwa vimebeba jeni za sumu.

Kabla hujanunua chochote, niletee sato watatu wanaoogelea kiupande, wakiwa hai kwenye ndoo, kutoka kizimba ambacho bado hujakipa chakula chenye dawa. Nitaotesha bakteria wao, tuangalie kwanza kama faji hao unaouziwa wanawaua kweli.