Kamati ikijiongezea muda, anzeni na daftari la ada

Swali: Shikamoo wakili. Mimi ni mwanachama wa chama cha wanataaluma hapa Dar es Salaam, kilichosajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya. Viongozi wetu wamemaliza miaka yao 3. Tuliitwa mkutano mkuu wa uchaguzi pale Ubungo, tukafika 74. Mwenyekiti akasema katiba inataka nusu ya wanachama na daftari lina majina 312, kwa hiyo akidi haikutimia. Tukatawanyika. Wiki 2 baadaye kamati tendaji ikakaa, ikajiongezea mwaka mmoja. Wana haki hiyo? Tuwashtaki kwa bodi iliyotusajili kitaaluma? Na tuna kiwanja Kigamboni, tunahofia kitauzwa. (Mwanachama, Tabata)

Jibu: Marahaba. Kamati haina haki hiyo, isipokuwa kama katiba yenu imeitaja waziwazi. Madaraka yake yametoka kwa mkutano mkuu, tena kwa muda maalumu. Muda ukiisha, anayeweza kuuongeza ni yule aliyeutoa. Kamati iliyobaki ofisini ina kazi ya kutunza mali na kumbukumbu, na kuitisha uchaguzi upya.

Lakini ningekuwa mimi, nisingeanza na mwenyekiti. Ningeanza na hiyo 312.

Fungueni katiba yenu kwenye ibara ya uanachama. Vyama vingi huandika kwamba asiyelipa ada ya mwaka hapigi kura, na vingine humhesabu kuwa si mwanachama tena mpaka alipe. Kama yenu inasema hivyo, nusu haipigwi kwa majina yote yaliyorundikana tangu chama kianze, yakiwemo ya waliohama na waliofariki. Inapigwa kwa wanachama hai, yaani waliolipa ada. Tuseme waliolipa ni 140: nusu yake ni 70, na ninyi mlikuwa 74. Kama hao 74 wote walikuwa wamelipa, akidi ilikuwepo na mkutano ulivunjwa bila sababu.

Ndiyo maana nasisitiza daftari. Niliwahi kusimamia uchaguzi wa chama kimoja hapa mjini. Mama mmoja aliambiwa mlangoni kwamba hajalipa ada. Mbele ya jina lake safu ilikuwa tupu. Akafungua pochi, akatoa stakabadhi iliyokunjwa mara nne, ina namba, ina sahihi ya mhazini. Tukaleta kitabu cha stakabadhi, tukalinganisha na daftari ukurasa kwa ukurasa. Kufikia saa nane mchana tulikuwa tumepata wengine 11 wa namna hiyo. Watu 12, pamoja na yule mama, walikuwa wanyimwe kura kwa sababu hakuna aliyejaza safu! Mwenye daftari ndiye mwenye uchaguzi, na wanachama wengi hawajawahi hata kuliona.

Kwa hiyo ombeni kwa maandishi kukagua daftari na vitabu vya stakabadhi. Kisha tazameni ibara ya mkutano mkuu maalumu: inataja idadi ya wanachama wanaoweza kudai uitishwe. Kusanyeni sahihi, kila mmoja aandike namba yake ya uanachama, na ajenda ya kwanza iwe uchaguzi. Barua iende kwa katibu, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Nakala nyingine mpelekeeni Msajili wa Jumuiya, aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Mahakama ipo, ila itauliza kwanza kama njia za ndani ya chama mmezimaliza.

Mkishapata uongozi halali, rekebisheni ibara ya akidi. Wekeni kwamba mkutano ulioahirishwa kwa kukosa akidi uitishwe tena ndani ya siku mtakazotaja, na watakaofika wawe akidi. Bila hivyo, wachache wakigoma kuja wanawafunga wote.

Bodi ya taaluma haiwahusu katika hili. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kwa mfano, ni chombo cha sheria kinachosajili wahandisi na kusimamia mwenendo wao; Taasisi ya Wahandisi ni ya wanachama wenyewe. Madaktari nao wana Baraza lao na wana chama chao. Chama cha Wanasheria wa Tanganyika kina sheria yake tangu 1954, kwa hiyo msiige taratibu zake mkidhani ni zenu.

Kuhusu kiwanja, chama kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, kwa kawaida hushika ardhi kupitia bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) chini ya sheria ya wadhamini, Sura ya 318. Hao wadhamini ndio wenye lakiri, yaani muhuri wao rasmi, na ndio huandikwa kwenye hati. Mwenyekiti peke yake hawezi kuuza. Hata hivyo nendeni RITA mkaombe taarifa za wadhamini wenu walioko kwenye kumbukumbu. Mara nyingi mmoja ameshafariki na mwingine alihama mkoa miaka mingi iliyopita, lakiri imebaki kwenye droo ya ofisi ya chama. Mkikuta hivyo, suala la wadhamini wapya liingizeni kwenye barua ileile ya kudai mkutano, liwe ajenda ya pili.